Besi Nyuma ya Spika

"Mpenzi, leo utasimama kule," Asali aliniambia, akaonyesha kwa kidevu.

Nikatazama huko. Palikuwa na rundo la spika nyeusi, mbili juu ya mbili, na nyuma yake kipenyo kinachoelekea mlango wa jikoni. Kwenye kipenyo hicho kulikuwa na kreti za soda, pipa la taka lisilo na mfuniko, na ndoo ya kudekia yenye maji ya jana. Tambara lilikuwa limezama humo ndani, limevimba. Harufu yake ilinifikia nikiwa bado katikati ya jukwaa.

"Kule wapi?" niliuliza, maana akili yangu ilikataa.

"Nyuma ya spika. Waya unafika, nimeshapima."

Ameshapima! Mwanamume ambaye hajawahi kubeba hata kistuli cha bendi, leo kapima waya.

Mimi ni mpiga besi. Kwenye bendi yetu wananiita Nyuzi Nne, kwa sababu ya gita langu, na pia kwa sababu ya miguu yangu myembamba, wenyewe wanadhani sijui. Tangu nijiunge nao mahali pangu jukwaani hapajabadilika: mkono wa kushoto wa mpiga dramu, upande wa yale matoazi mawili anayoyabana kwa mguu, karibu tugusane mabega. Pale nauona vizuri mguu wake wa kulia unavyoikanyaga ngoma kubwa. Mguu ukishuka, kidole changu kinashuka. Nikiukosa, besi inakwenda kivyake na ngoma inakwenda kivyake, na wachezaji huko chini wanakanyagana bila kujua nani kawaroga.

Mpiga dramu tunamwita Mjomba. Ni mtu mzima mwenye kitambi, haongei sana. Aliposikia habari za nyuma ya spika akaweka vijiti vyake mapajani.

"Asali, besi inakaa hapa kwangu."

"Leo tu, Mjomba."

"Leo ni harusi ya dada yako. Leo ndiyo umechagua tuharibu?"

"Hatuharibu. Atakusikia."

"Atanisikia, hataniona. Ngoma mpaka ifike kule nyuma imeshajigonga kwenye kuta zote hizi. Yeye atachelewa, mimi nitamsubiri, na wewe utaimba kama mtu anayefukuzwa na mbwa."

"Mjomba, kiongozi wa bendi ni nani?"

Mjomba akanitazama mimi. Nami nikamtazama Asali, nikingoja acheke, aseme ni utani. Hakucheka. Alikuwa ananyoosha kola ya shati lake jeupe, na manukato aliyojimwagia yalikuwa yanapigana na ile ndoo.

Nilimpenda yule mtu. Sifichi. Ana sauti ambayo ukiisikia ukiwa umenuna utajikuta umefungua madirisha ya nyumba. Lakini Asali hajui kuhesabu. Ndicho kilema chake. Ukimpigia utangulizi wa wimbo ataingia kabla ya wakati, au wakati ukishapita. Kwa hiyo tulipatana zamani: mahali pake pa kuingia pakifika, mimi nainua shingo ya gita na kumtazama machoni, naye anafungua mdomo. Watu ukumbini hudhani tunatongozana. Mwanzoni haikuwa kweli, baadaye ikawa kweli kabisa. Ikafika mahali wiki nzima naungoja ule mtazamo. Nikipika naungoja, nikioga naungoja. Yale macho yakinitafuta jukwaani, yakinipata, mwili wote unaniisha nguvu.

Sasa mwenye macho yale alinishika mkono, akanivuta mpaka kwenye ukumbi mdogo wa pembeni, penye makochi na kioo.

"Ni Mama," alinong'ona. "Kafika."

"Si ndivyo tulivyotaka? Leo si unanitambulisha?"

"Nakutambulisha, ndiyo. Baada ya muziki. Na kesho wazee wanakwenda kwa baba yako kama nilivyoahidi. Ila Mama asikuone na gita. Si unaujua msimamo wake?"

Kuujua tu? Nilikuwa nimelishwa msimamo huo miaka miwili. Mama hataki mwanamke wa jukwaani. Mama anasema mwanamke anayejining'inizia gita mbele za watu hana adabu. Mama kalia. Mama presha imepanda. Mama anakaa mbali, safari ya siku nzima, lakini kila nilipouliza habari za posa nilimkuta amekaa katikati yetu. Baba yangu alishaacha kuniuliza. Siku hizi huniangalia tu, kisha anaongeza sauti ya redio. Juzi nilipomwambia wazee wanakuja kweli, alikwenda kununua rangi akaupaka upya ukuta wa sebuleni, yeye na mgongo wake ule unaomuuma.

"Kwa hiyo unanitambulisha kama nani?"

Asali akatoa mfuko wa plastiki nyuma ya kochi. Alikuwa ameshauficha pale. Akavuta gauni la kijani, refu, la mikono.

"Nimemwambia wewe ni mwalimu. Wa watoto wadogo."

"Mwalimu?"

"Kazi ya heshima! Tukimaliza kupiga unapita mlango wa jikoni, unavaa hili, unazunguka nje, unaingia mlango mkubwa kama mgeni. Utakuwa umechelewa kidogo, lakini si walimu wana shughuli nyingi?"

Alikuwa anatabasamu. Alijiona amefanya jambo la akili.

"Gauni la nani?"

"La jirani. Limefuliwa."

Uongo mtupu. Kwapani lilikuwa na duara mbili za jasho la mtu, zimekauka zikaacha ukingo mweupe, na kwenye kola kulikuwa na poda ya shingo nisiyoijua. Mate yakanijaa mdomoni, yale ya kabla ya kutapika.

"Na nikishaolewa? Mama yako hatajua kwamba napiga besi?"

"Ukishaolewa utaacha," alisema, kama anayeniomba chumvi. "Tena bora uache. Wiki iliyopita watu walikuwa wanampiga picha nani? Naimba mpaka mishipa ya shingo inanitoka, simu zote zimeelekea kwako na Mjomba."

Hapo ndipo ningegeuka nikachukua gita langu nikaondoka. Lakini nilikuwa nauona ule ukuta wa sebuleni, na baba juu ya kiti na brashi. Nikalipokea gauni kwa ncha za vidole. Asali akanibusu kwenye paji la uso, busu lenye maji maji, akaondoka anapiga mluzi. Nikajifuta kwa kiganja. Kisha nikajifuta tena.

*

Wageni walipoanza kujaa nilikuwa nimeshasimama pale nilipoambiwa nisimame, mfuko wa gauni miguuni. Kulikuwa na upenyo kati ya spika na spika, naweza kuona nusu ya jukwaa na meza ya keki. Mjomba sikumwona hata kiwiko. Nzi wa pipa la taka alikuwa anatua kwenye gita langu, namfukuza, anarudi. Jikoni mtu alikuwa anasafisha samaki. Loo, mchana ule! Nilikuwa napumua kwa mdomo.

"Hodi huku! Kuna mtu?"

Akaingia mama mmoja mnene, amependeza, nguo ya zambarau iliyoshonwa ikamkaa vizuri mno, anatembea kama anayekanyaga makaa.

"Mwanangu, nisitiri. Hivi viatu vitaniua mbele ya wakwe." Akajitupa kwenye kreti ya soda, akavua kimoja, akavua cha pili, akafumba macho. "Aaah! Asante Mungu." Akafumbua. "Khaa! Hiyo harufu ni ya nini?"

"Ni ndoo, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Na wewe na hilo gita lako zuri wamekuweka huku jaani? Umemkosea nani?"

Nilishaijua ile pua. Ni pua ya Asali, imehamia kwenye uso wenye huruma. Nikajitayarisha kutukanwa.

"Ndipo nilipoambiwa nisimame, mama."

"Basi aliyekuambia hana pua." Akacheka mpaka kreti ikalia. "Wewe ndiye unayepiga ile nzito? Ile inayogonga hapa?" Akajigusa tumboni. "Naipenda hiyo! Mimi ni fundi cherehani, mwanangu. Ujana wangu nimeishonea sare bendi nzima, tena ilikuwa na wanawake wawili wapiga tarumbeta, wanawake wa nguvu hasa. Nilikuwa naingia bure kila Jumapili. Ningepata mtu wa kunifundisha na mimi ningepiga kitu."

Nilimtazama kama mtu aliyesemeshwa na kabati.

"Mama, kwa hiyo wewe huna tatizo na mwanamke anayepiga gita?"

"Tatizo la nini? Kwani lina miiba?"

Yeye akaendelea, anajikanda vidole vya miguu, hana habari.

"Huyu mwanangu anayeimba, zamani nilisikia ana msichana wa kupiga gita. Nikafurahi. Nikamwambia mlete nimwone, nimpime, nimshonee kitu cha jukwaani. Kila akipiga simu namwambia, mlete. Akanijibu, Mama, achana naye yule. Mchafu, hajitunzi, hana kwao, ananing'ang'ania tu. Nikasikitika, lakini yeye ndiye anayemjua. Sasa kapata mwalimu. Leo namwona kwa macho yangu." Akanitazama vizuri. "Mwanangu, mbona umebadilika hivyo? Unaumwa?"

"Harufu ya ndoo, mama."

"Sogea basi, toka huku, utazimia!"

Mtu akamwita kutoka ukumbini, mama wa bibi harusi, mama wa bibi harusi. Akainuka, akajaribu kuvaa kiatu, akasonya, akavishika vyote viwili mkononi na kwenda zake miguu mitupu.

Mchafu. Hana kwao. Nilijishika kwenye spika. Miaka miwili nilikuwa namwogopa mama yule. Nilikuwa namwombea dua presha yake ishuke! Na kumbe hakuwa na presha wala msimamo, alikuwa na futi ya fundi mkononi ananingoja anipime. Mwenye msimamo alikuwa Asali. Nikakumbuka midomo yake kwenye paji langu la uso, asubuhi hii hii, nikatamani nipate brashi ya kusugulia sakafu.

*

Mshereheshaji akatangaza. Watu wakasimama. Mlango mkubwa ukafunguliwa, na bibi harusi akasimama mlangoni, mkono kwenye mkono wa mumewe, anangoja mwimbaji aanze ndipo apige hatua. Ndivyo tulivyokubaliana mazoezini: sauti ya kaka yake ikiingia, naye aingie.

Mjomba akaanza. Nikaanza. Na hapo hapo nikajua tumekwisha. Ngoma ilikuwa inanifikia kwa kuzunguka, kidole changu kinashuka mguu wa Mjomba umeshapanda. Ikasikika kama mtu anayeburuta kabati ghorofani.

Asali akaingia mapema. Akanyamaza. Mjomba, mtu wa kazi, akauzungusha utangulizi upya. Asali akangoja, akangoja, pakapita. Watu wakaanza kutazamana. Utangulizi ukazunguka tena. Bibi harusi mlangoni bado anatabasamu, lakini tabasamu lilishaanza kukauka, na msichana aliyemshikia mkia wa gauni akauliza kitu, akanyamazishwa.

Asali akageuka kutazama mahali pangu, mkono wa kushoto wa Mjomba. Hapakuwa na mtu. Macho yakazunguka jukwaa lote, yakafika kwenye spika, yakaupata ule upenyo, yakanipata.

Mtazamo wenyewe ndio ule. Ule ule niliokuwa naungoja wiki nzima. Yalikuwa macho mazuri, yamelegea, yananiomba. Nikajisikiliza kama kuna kitu kitaruka kifuani. Kikaja kinyaa, kikanipanda mpaka kooni. Nilimwona jasho linavyomtiririka nyuma ya sikio na kuingia kwenye ile kola, nikajiuliza hivi huyu nilimlalia kifuani?

Ningeweza kumwacha. Wallahi ningemwacha aungue pale mbele ya wakwe wote. Lakini bibi harusi alikuwa hajanikosea kitu. Ile ndiyo njia yake ya kuingilia, haina ya pili.

Nikatoka. Nikapita mbele ya spika mbele za watu wote, waya unaburuzika nyuma yangu, nikasimama mahali pangu.

"Umechelewa," Mjomba alisema bila kugeuza shingo.

Mguu wake ukashuka, kidole changu kikashuka. Ukumbi wote ukatulia. Nikainua shingo ya gita, nikamtazama Asali, akafungua mdomo, na ile sauti ikatoka, tamu kama siku zote. Vigelegele! Bibi harusi akaanza kutembea, huku analia na kucheka. Kila ubeti nilimwinulia Asali gita, kila ubeti akaingia pake. Nilimtazama kama unavyomtazama kipofu unayemvusha barabara. Ilikuwa kazi tu. Wimbo ulipokwisha nilikuwa nimeshamaliza naye.

Yeye hakujua. Alinijia mbio, kang'aa, akaniinamia sikioni, tone la jasho lake likaniangukia mkononi.

"Umeniokoa, mpenzi! Sasa haraka, kabla Mama hajafika. Jikoni, vaa, zunguka!"

"Unasema?"

"Gauni! Atadhani mpiga besi kaondoka. Hakukutazama sana, alikuwa anamtazama dada."

Nikamtazama ili nione kama mtu anaweza kusema hivyo bila aibu. Anaweza. Hata jicho halikumcheza.

"Mwanangu!" Mama yake alikuwa ameshafika chini ya jukwaa, viatu bado mkononi. "Mwalimu yuko wapi?"

"Yuko njiani, Mama! Anakuja sasa hivi."

"Na huyu binti? Yeye ndiye kauokoa wimbo wenu, nimeona kwa macho yangu. Nani huyu?"

"Huyu?" Asali alicheka kidogo. "Ni mpiga besi tu, Mama. Tumemkodi kwa leo."

Kijiti cha Mjomba kilianguka chini. Hakukiokota.

Nikajifuta lile tone la jasho kwenye suruali yangu, taratibu, mpaka nilipohakikisha limekwisha.

"Mama," nilisema, "mwalimu hayuko njiani. Mwalimu yuko kwenye mfuko wa plastiki kule nyuma ya spika, na kwapa zake zinanuka. Ningevaa lile gauni nikaja kukuamkia, mimi ndiye ningekuwa mwalimu."

"Nyuzi, tafadhali," Asali alisema.

"Yule msichana wa gita, mchafu, asiye na kwao, ndiye mimi. Na kwetu nina kwetu. Nina baba, amepaka rangi ukuta mzima kwa ajili ya wazee wenu wa kesho. Miaka miwili naambiwa wewe ndiye hunitaki. Naambiwa unalia. Naambiwa presha."

"Presha?" Yule mama aligeuka polepole kwa mwanawe. "Mimi nina presha?"

"Mama, twende nje tukaongee, watu wanatutazama."

"Si umevaa ili utazamwe? Nijibu. Mimi nilimkataa huyu mtoto?"

Asali akafungua mdomo. Hapakuwa na mtu wa kumwinulia gita. Akafunga.

"Mpenzi," alinigeukia mimi, sauti ile ile ya asali, "ulitaka ndoa, nakupa ndoa. Kesho tu hapa. Kosa langu liko wapi? Nilitaka kila mtu aridhike."

Hata hasira sikuwa nayo tena. Ilikuwa ni kama umekuta kitu chini ya sinki.

Mama yake aliweka viatu kwenye ukingo wa jukwaa. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, lakini sauti ilikuwa kavu.

"Nimeshona nguo za watu maisha yangu yote," alimwambia mwanawe. "Sikujua na wewe ulikuwa unanivisha ubaya wako, natembea nao, watu wanauona, mimi mwenyewe sina habari." Kisha akanigeukia. "Binti yangu, kesho nitakwenda kwa baba yako. Nitakwenda nimwombe radhi, kwa jina langu lililotumika. Utaniruhusu?"

"Vizuri, Mama!" Asali alirukia, uso umemchangamka, mkono wake umeshanyooka kuja kiunoni mwangu. "Twende wote tukayamalize. Nitavaa ile suti ya—"

Nikageuza gita likakaa kati yake na mimi, mkono wake ukagonga mbao.

"Karibu sana, mama," nilisema. "Ila uje peke yako."